Nani Ameshika Ufunguo wa Ghala? Kisa cha CentOS

Kuna swali ambalo huulizwa kila mara watu wanapopata habari za Red Hat na CentOS: kama Linux ni programu huria, na msimbo wake uko wazi kwa kila mtu, kampuni moja inawezaje kuifunga? Jibu fupi ni kwamba haikuifunga. Jibu refu linahitaji turudi nyuma zaidi ya miaka ishirini. Jipatie kikombe cha chai, ndugu msomaji, maana kisa chenyewe kina kona nyingi.

Kwanza tuelewane kuhusu jambo moja. Linux peke yake ni kiini tu, ile sehemu inayozungumza na maunzi ya tarakilishi. Haitakufanyia kazi yoyote mpaka mtu aichukue, aiongezee maelfu ya programu zilizoandikwa na watu wasiojuana, azikompaili zote, azifungashe, azijaribu pamoja, azitie sahihi, halafu aziweke mahali unapoweza kuzipakua. Akishamaliza anaanza tena, kwa sababu kila wiki kuna tundu la usalama limegunduliwa mahali fulani na lazima kiraka kitoke. Mkusanyiko huo ndio tunaouita distro. Msimbo ni wa umma. Lakini kazi ya kuufungasha, jina linaloandikwa juu ya furushi, na seva ambako viraka hutoka, vyote vitatu vina mwenyewe. Leseni ya GPL, ambayo toleo lake la pili lilitoka mwaka wa 1991, inalinda msimbo. Vile vitatu haivigusi, na historia yote ya CentOS imekaa ndani ya pengo hilo.

Tuanze na Red Hat wenyewe. Marc Ewing alitoa Red Hat Linux mwaka wa 1994, Bob Young akawa mfanyabiashara wake, na Agosti 1999 kampuni ikauza hisa kwa umma. Hisa zilianza kwa dola 14, na siku hiyo hiyo zikafunga kwa dola 52. Wakati huo Red Hat Linux ilikuwa ya kila mtu. Ukitaka boksi lenye CD na kitabu, unanunua. Ukitaka bure, unapakua. Wengi walipakua, na ndipo tatizo lilipokuwa: kampuni ilikuwa maarufu dunia nzima kwa bidhaa ambayo watu hawakuwa na haja ya kuilipia.

Kwa hiyo wakabadilisha mtindo. Mwaka wa 2002 walileta toleo la kampuni kubwa, lile lililokuja kuitwa Red Hat Enterprise Linux (nitaliita RHEL tangu sasa), linalodumishwa kwa miaka mingi bila kubadilika-badilika, nalo linauzwa kwa ada ya kila mwaka. Halafu Red Hat Linux ya kawaida ikaachwa. Toleo la 9, lililotoka Machi 2003, lilikuwa la mwisho, na viraka vyake vikakoma tarehe 30 Aprili 2004. Aliyekuwa na seva alibaki na njia mbili: kulipa, au kuhamia Fedora, distro mpya inayokwenda mbio na kuhitaji kubadilishwa kila baada ya muda mfupi. Seva ya mishahara huiwekei Fedora, labda kama hupendi usingizi.

Mimi silaumu uamuzi ule. Wafanyakazi wa Red Hat wameandika sehemu kubwa ya kiini cha Linux na zana ambazo sote tunatumia, na watu hao lazima wale. Tena kuna jambo walilofanya ambalo halisemwi vya kutosha. GPL inataka umpe msimbo yule uliyempa programu, basi. Red Hat wangeweza kuwapa wateja wao peke yao. Badala yake waliweka mafurushi yote ya msimbo wa RHEL kwenye seva ya FTP iliyo wazi, mtu yeyote aje achukue. Ulikuwa ukarimu uliozidi matakwa ya leseni. Shida ya ukarimu ni kwamba aliyeutoa anaweza kuuchukua siku yoyote, na kwa karibu miaka ishirini watu walijenga juu yake kana kwamba ni haki iliyoandikwa.

Mmoja wa waliojenga mapema kabisa ilikuwa maktaba. Ndiyo, maktaba ya vitabu! Maktaba ya umma ya Beauregard Parish, katika mji mdogo wa DeRidder, jimbo la Louisiana, Marekani, ilikuwa na seva na tarakilishi za Red Hat Linux na haikuwa na hamu ya kulipa ada mpya kwa kila mashine. Fundi wao akachukua msimbo wa RHEL 3 kutoka FTP, akaondoa nembo, akaukompaili upya, akauita White Box Enterprise Linux. Kisha kwa kuwa kazi imeshafanyika, wakaiweka wazi kwa wengine. Ukitaka kuelewa kwa nini programu huria inawafaa watu wasio na fedha nyingi, huo mfano mmoja unatosha.

Maabara ya fizikia ya Fermilab pamoja na CERN nao wakatoa ya kwao, Scientific Linux, mwaka wa 2004. Na mwaka huo huo, kutoka kwenye mradi uitwao cAos ulioanzishwa na Gregory Kurtzer, ikatoka CentOS.

Hebu nieleze kidogo kazi yenyewe, maana ukiisikia unaweza kudhani ni ya alasiri moja. Unapakua mafurushi ya msimbo, maelfu. Unapitia kila moja kutafuta picha na maneno ambayo ni alama ya biashara ya Red Hat, unayatoa. Kisha unakompaili. Lakini furushi A linahitaji B ili lijengwe, na B linahitaji A, na toleo la B ambalo Red Hat walilitumia siku ile kiwandani mwao si lazima liwe lile walilotoa. Unabahatisha mpangilio, unalinganisha matokeo, unarudia. RHEL 6 ilitoka Novemba 2010. CentOS 6 ilitoka Julai 2011, miezi minane baadaye. Watu wakali wa kulalamika walilalamika sana wakati huo, nao walikuwa wanapata kila kitu bure.

Suala la jina nalo lilikuwa na vituko vyake. Mwaka wa 2005 mawakili wa Red Hat waliwaandikia CentOS kuhusu matumizi ya jina la Red Hat kwenye tovuti yao. CentOS wakalitoa jina, na kwa miaka kadhaa wakawa wanaandika tu kuhusu "muuzaji mashuhuri wa Linux wa Amerika Kaskazini". Kila mtu alijua ni nani. Ilikuwa kama ile desturi ya kutomtaja mkwe kwa jina lake. Tunaweza kucheka, lakini somo la kisheria liko pale pale: msimbo ulikuwa wa wote, jina lilikuwa la mmoja.

Na usifikiri hatari ya kushikwa ufunguo hutoka kwa kampuni pekee. Julai 2009 watengenezaji wa CentOS walichapisha barua ya wazi kwa mmoja wa waanzilishi wao wenyewe. Anwani ya centos.org ilikuwa kwa jina lake, akaunti ya michango ilikuwa mikononi mwake, na alikuwa hapatikani. Distro iliyokuwa ikiendesha seva kila pembe ya dunia ilikuwa inaning'inia kwenye uzi wa mtu mmoja asiyepokea simu. Walielewana ndani ya siku chache. Ila tangu hapo huwezi kumshangaa mtu wa CentOS aliyetamani mwajiri, mkataba na bodi rasmi.

Wakati huo huo mgomvi wa kweli alikuwa Oracle. Oktoba 2006 Larry Ellison alitangaza kwamba Oracle watachukua msimbo wa RHEL, watauondolea jina na kuuza huduma zake kwa bei ya chini. Hisa za Red Hat zilishuka kwa karibu robo mara tu baada ya tangazo hilo. Hapo utaona tofauti kati ya maktaba ya DeRidder na kampuni ya mabilioni: leseni haiwatofautishi, na haiwezi kuwatofautisha. Mwaka wa 2010, pamoja na RHEL 6, Red Hat walianza kujibu. Badala ya kutoa msimbo wa kiini pamoja na viraka vyao kimoja kimoja, wakawa wanautoa ukiwa umeshachanganywa wote. Msimbo upo, lakini kujua ni kiraka gani kimefanya nini ni kama kuletewa ugali ukaambiwa utenganishe unga na maji. Leseni haikuvunjwa. Walengwa walikuwa washindani wakubwa, na wadogo wakapigwa na vumbi la ugomvi huo.

Halafu ikaja Januari 2014, mwezi ambao kwa maoni yangu ndio uliamua mambo, ingawa siku ile watu walishangilia. Red Hat walitangaza kwamba CentOS sasa ni mradi wa nyumbani. Watengenezaji wakuu kadhaa wakaajiriwa. Ile lugha ya kuficha jina ikaisha. Mashine za kujengea zikapatikana. Nani angekataa? Wanaofanya kazi usiku baada ya kazi zao za mchana walipata mshahara wa kufanya jambo lile lile.

Lakini angalia kilichohama. Alama ya biashara ya CentOS ikawa mali ya Red Hat. Na kuanzia RHEL 7, iliyotoka mwaka huo, mafurushi ya msimbo hayakuwekwa tena kwenye ile FTP ya zamani. Yakawa yanatolewa mahali papya, git.centos.org. Ilionekana kama suala la ufundi tu. Kwa hakika ile kazi ya kuutolea umma msimbo ilikuwa imefungwa pamoja na mradi wa CentOS, na CentOS ilikuwa na mwenyewe. Siku mwenyewe akibadilisha nia kuhusu CentOS, bomba la msimbo linakwenda naye.

Oktoba 2018 IBM walitangaza kuinunua Red Hat kwa dola bilioni 34, na ununuzi ukakamilika Julai 2019. Aprili ya mwaka huo Fermilab walikuwa wametangaza kwamba hawatatoa Scientific Linux 8, kwa kuwa CentOS 8 ingewatosha, hakuna sababu ya kufanya kazi mara mbili. Uamuzi wa busara kabisa kwa taarifa walizokuwa nazo.

Tarehe 8 Desemba 2020, tangazo likatoka. CentOS 8, ambayo watu waliahidiwa itadumishwa hadi 2029, ingekoma mwisho wa 2021. Badala yake ingebaki CentOS Stream, ambayo inakwenda mbele ya RHEL badala ya kuifuata. Yaani mabadiliko yanapita kwako kwanza, ndipo yamfikie anayelipa. Stream si takataka kama wengine wanavyodai, lakini haikuwa kitu ambacho watu walikuwa wamechagua. Cha kukera zaidi ni kwamba toleo la 7 lililokuwa la zamani lilibakishiwa uhai wake hadi Juni 2024. Aliyekuwa amefanya bidii akahamia 8 ndiye aliyekatwa kwanza.

Nilikuwa nimemaliza chuo muda si mrefu. Linux niliyofundishwa ilikuwa CentOS 7, na hapa Nairobi kila ofisi niliyoingia kufanya kazi ndogo-ndogo nilikuta ama CentOS ama Ubuntu. Hebu chukua Sacco yenye seva sita. Ada ya chini kabisa ya RHEL ya seva wakati huo ilikuwa dola 349 kwa mwaka, bila msaada wowote wa simu. Sita ni dola 2,094, na kwa kiwango cha ubadilishaji cha wakati ule hiyo ni kama shilingi 230,000 kila mwaka, kwa programu ambayo bajeti iliyoandikwa ilisema ni sufuri hadi 2029. Januari 2021 Red Hat walitoa ofa ya mashine 16 bila malipo, lakini ilikuwa kwa jina la mtu binafsi. Mwenyekiti wa Sacco hawezi kuweka amana za wanachama juu ya akaunti ya kijana wa IT ambaye mwaka ujao atakuwa amepata kazi kwingine.

Kilichofuata ndicho kilichonipa imani, na hapa GPL ilifanya kazi yake barabara. Siku ile ile ya tangazo Gregory Kurtzer alisema anaanza upya, na distro akaiita Rocky Linux, kwa kumkumbuka Rocky McGaugh, mwenzake wa siku za mwanzo za CentOS ambaye alikuwa ameshafariki. Kampuni ya CloudLinux nayo ikaanzisha AlmaLinux na kuikabidhi kwa wakfu usio wa faida. Alma walitoa toleo la kwanza thabiti Machi 2021, Rocky wakafuata tarehe 21 Juni 2021. Watu wa Fermilab na CERN, baada ya kuumwa mara moja, mwishoni mwa 2022 walichagua AlmaLinux.

Miaka miwili kamili baadaye, tarehe 21 Juni 2023, Red Hat walitangaza kwamba msimbo wa RHEL hautawekwa tena hadharani kwenye git.centos.org. Wateja wataupata kupitia akaunti zao. Umma utaona CentOS Stream tu. Mike McGrath, mmoja wa viongozi wa uhandisi pale, alieleza wazi kwamba hawaoni thamani katika wale wanaojenga upya RHEL bila kuongeza chochote.

Je, ni halali? Hapa ndipo wanasheria wanapokunywa kahawa nyingi. Mteja anapewa msimbo pamoja na programu, na GPL inampa haki ya kuusambaza. Red Hat hawamkatazi. Lakini mkataba wa ada unasema kwamba ukitumia huduma zao kwa usambazaji wa namna hiyo, wanaweza kuuvunja mkataba nawe. Ulichonacho ni chako. Kiraka cha kesho hukipati, na kwa kuwa hukupewa programu ya kesho, hudai msimbo wake. Red Hat wanasema wanafuata leseni kikamilifu. Shirika la Software Freedom Conservancy, ambalo limefuatilia masuala ya GPL kwa miaka mingi, lilichapisha uchambuzi mrefu mwezi huo huo likisema mtindo huo unatembea ukingoni mwa leseni. Mimi si wakili. Ninachoona kama mtu wa msimbo ni kwamba haki niliyo nayo ni ya furushi la leo, na seva yangu inaishi kwa furushi la kesho.

Hili sisi tulichelewa kuliona, na nadhani najua sababu. Kabla ya nyaya za TEAMS na SEACOM kufika Mombasa mwaka wa 2009, intaneti ilikuja kwa setilaiti, ghali na ya kusuasua. Distro ilikuwa CD. Ubuntu walikuwa wakizituma bure kwa posta kati ya 2005 na 2011, na CD moja ilizunguka bweni zima mpaka ikachubuka. Hakuna kampuni iliyoweza kuja kuichukua CD kabatini mwako. Hasara yake ni kwamba haikuwa na viraka. Leo seva inapiga simu nyumbani kila usiku kuuliza kama kuna kipya, na anayepokea simu ndiye mwenye neno.

Canonical, wenye Ubuntu, hawako mbali na mjadala huu. Mafurushi yao ya Snap hutoka kwenye duka moja ambalo ni lao, na programu inayoendesha duka hilo si huria. Mwaka wa 2020 watu wa Linux Mint, ambao distro yao hujengwa juu ya Ubuntu, walilizuia lisijiwekee lenyewe nyuma ya mgongo wa mtumiaji. Hiyo ni habari ndefu ya siku nyingine.

Baada ya Juni 2023 kila mmoja alishika njia yake. Alma waliacha kunakili RHEL herufi kwa herufi, wakasema inatosha programu zilizojengwa kwa RHEL ziendeshwe kwao bila shida. Rocky wakabaki na lengo la kufanana kabisa, wakisema wataupata msimbo kutoka picha za kontena ambazo Red Hat huzitoa kwa umma na kutoka mashine za kukodi kwa saa kwenye wingu. Na Agosti 2023 kampuni ya CIQ ya Kurtzer, SUSE na Oracle waliunda OpenELA ili kuutoa msimbo huo kwa pamoja. Ndiyo, Oracle yule yule wa 2006, sasa mtetezi wa uhuru wa usambazaji! Dunia ina mambo.

Kama unahudumia seva ya shule, kliniki au Sacco ambayo mtu mwingine aliiweka zamani kabla yako, ingia ndani yake na uandike cat /etc/redhat-release. Kuna jibu moja ambalo bado nakutana nalo mara nyingi mno: CentOS Linux release 7.9.2009. Mashine hiyo haijapata kiraka hata kimoja kutoka CentOS tangu tarehe 30 Juni 2024.